Mama Mkwe Yuko Hewani

Stanslaus Heche aliogopa vitu viwili tu duniani, na simba hakuwemo. Cha kwanza ni kukaguliwa stoo ya dawa bila taarifa. Cha pili ni mama mkwe wake. Na ukaguzi, angalau, ulikuja mara moja kwa mwaka.

Watu wasije wakamdhania vibaya mama huyo. Mogesi alikuwa mkunga, mtu wa maana, na nusu ya watoto wa kijijini kwake ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, walipokewa na mikono yake. Tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa heshima. Kwa mila zao, mwanamume na mama aliyemzaa mke wake hawaingii nyumba moja, hawali wakionana, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja lazima apishe porini. Tena mambo ya mwili, kama uzazi na maziwa na haja ndogo, hayatajwi mmoja akiwa anasikia. Mgeni anaweza kudhani ni chuki. Wenyewe wanajua kwamba hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Stanslaus aliishika mila hiyo kwa bidii maradufu, maana mtu aliyesoma huchungwa na macho mengi. Katika miaka saba ya ndoa alikuwa amemwona mama mkwe mara tatu, zote akiwa ndani ya ua wa mkonge. Mara ya tatu aliingia humo na baiskeli na boksi la chanjo, akakaa mpaka mama alipopita, na jioni alijitoa miiba mwenyewe kwa koleo la zahanati kwa sababu ilikuwa imeingia mahali ambapo asingeweza kumwonyesha Agustina, mhudumu wake.

Zahanati yenyewe ilikuwa Ringwani, upande huu wa mto, vyumba vinne vya bati, imejengwa kwa nguvu za wananchi mwaka mmoja baada ya watu kuhamishwa kutoka mashambani kwao waje kukaa pamoja kijijini. Stanslaus alikuwa ndiye mganga wa hapo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, aliandika kwa mwandiko mzuri, na kila alichofundishwa alikiweka kwenye daftari kwa namba: moja, mbili, tatu. Alikuwa mtu wa namba. Kitu kikikosa namba, kwake kilikuwa hakijatokea.

Mkewe, Robi, alikuwa na mimba ya tatu. Zile mbili za kwanza alivuka mto akaenda kujifungulia kwa mama yake. Ya kwanza ilimtoa damu hadi wakamwita katekista aje na sala za mwisho, lakini Stanslaus aliambiwa tu kwamba "aliumwa kidogo." Nani amweleze mkwe mambo ya namna ile? Alikuja kuunganisha habari mwenyewe, kipande kimoja kwa shangazi, kipande kingine kwa mke wa katekista, na tangu hapo kila akiliona tumbo la Robi linakua alijisikia baridi mgongoni. Alimpenda sana mke wake. Hakuwa mtu wa kulisema hilo, ila alimpigia pasi kanga zake pamoja na mashati, na kijiji kizima kilimcheka kwa ajili hiyo.

Mpango wa uzazi wa tatu ulikuwa ule ule: mimba ikifikisha mwezi wa nane, Robi avuke mto aende kwa mama. Ulikuwa mpango mzuri. Mto Mara tu ndio haukushirikishwa.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka huo wa sabini na sita, ndipo yalipoletwa masomo ya hewani. Badala ya kuwaita waganga na wakunga wote Mugumu, makao ya wilaya, wafunge zahanati wiki nzima na kulala kwenye mabenchi ya shule, mradi wa afya wa wilaya ulileta mashine nne za simu ya upepo. Moja ilibaki Mugumu kwa mwalimu, moja Morotonga, moja kwa Stanslaus, na moja ilivushwa mto ikapelekwa kwenye zahanati alikokuwa akifanya kazi Mogesi; kituo hicho kikapewa jina la Ng'ambo. Kila mashine ilikuwa sanduku la chuma lenye spika, maiki yenye kitufe, betri ya gari, na waya mrefu uliotundikwa kati ya mikaratusi miwili. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikiliza, na ukimaliza kusema unatamka "ova" ili mwenzako ajue zamu ni yake. Jumatano saa tisa alasiri lilikuwa somo. Siku nyingine, saa nne asubuhi, vituo vyote vilifungua mashine dakika kumi kwa ajili ya mwenye shida.

Mwalimu aliitwa Sista Verdiana, muuguzi kutoka Bukoba, mwenye miezi mitatu tu katika wilaya. Jumatano ya kwanza aliita mahudhurio kwa sauti ya kengele.

"Morotonga? Ova."

"Morotonga tupo, sista, tena tumeoga. Ova." Huyo alikuwa Kornelio, mganga wa Morotonga, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa.

"Ringwani? Ova."

"Ringwani nipo. Ova," Stanslaus alijibu, daftari limefunguliwa, kalamu mkononi, ameshaandika Somo la Kwanza na kupigia mstari.

"Ng'ambo? Ova."

Spika ikakoroma. "Ng'ambo nipo. Ni Mogesi, mkunga. Naona haya kusema na sanduku, lakini nipo. Ova."

Stanslaus hakuwa ameambiwa nani anasoma kule Ng'ambo. Alitupa kalamu akatokea dirishani, maana ili kuufikia mlango ilibidi apite mbele ya mashine. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walimwona daktari wao akianguka kwenye kitalu cha mchicha, na wawili kati yao, mmoja akiwa na mguu ulioteguka, walikimbia hadi kwenye godauni la pamba wakidhani kuna moto.

Jambo hilo lilihitaji hukumu, na mwenye kuhukumu hakuwa mbali. Mzee Nyangwine, mjuzi wa mila, alikaa kwenye benchi la zahanati kila siku kwa ajili ya goti ambalo halikupona kwa sababu halikuwa na ugonjwa. Lilikuwa na upweke. Stanslaus alimwendea na majani ya mchicha bado yako kwenye nywele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Siku hizi madaktari wanatokea dirishani?"

"Mzee, nina swali. Mama mkwe akisema akiwa ng'ambo ya mto, na sauti yake ikatokea chumbani kwangu, yeye yumo chumbani au hayumo?"

Nyangwine aliomba apelekwe mbele ya mashine. Akaizunguka. Akainusa. Akarudi kwenye benchi akalikanda goti lake kwa muda ambao wanaotaka kuheshimiwa hupenda kuutumia.

"Mura, mtu akibisha hodi gizani, unamjua kwa nini? Kwa sauti. Umeshawahi kusema, sauti imefika, ngoja mwenyewe aje? Sauti ikiingia, mtu ameingia. Akisema yeye, wewe toka."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Mogesi alipofungua kinywa, Stanslaus alitoka, akaenda nyuma ya zahanati kwenye banda la kuku la Agustina, akasimama huko na daftari lake mpaka sauti ilipokwisha. Na haikuwa inakwisha upesi. Mogesi hakuwa amekaa darasani maishani mwake, lakini haya yake ya kusema na sanduku ilidumu siku moja tu. Kumbe alikuwa na miaka thelathini ya mambo ya kusema. Kuku wakamzoea Stanslaus.

Huko Ng'ambo nako heshima ilikuwa ile ile. Ringwani ikiitwa, Mogesi aliipa mashine mgongo, akajifunika kanga kichwani, akatazama ukuta mpaka mkwe amalize. Na kwa kuwa ukweni watu husemeshana kwa kupitia mtu wa kati, Kornelio akapewa kazi hiyo bila kuomba, na akaifanya kuliko alivyoombwa.

"Morotonga," Mogesi alisema siku moja, "mwambie wa Ringwani kwamba mtoto akitanguliza miguu, asivute. Ova."

"Ringwani, mama anasema usivute," Kornelio alipeleka ujumbe mara Stanslaus aliporudi, ingawa wengine wote walishausikia. "Anakusalimia sana. Anauliza kama binti yake anakula, na kama ni kweli unampigia pasi kanga. Ova."

"Sikusema hayo!" Mogesi aliuambia ukuta. Stanslaus hakusikia, alikuwa ameshafika kwa kuku.

Sista Verdiana hakuelewa. Alichokiona yeye ni kwamba Ringwani anaitika, kisha anapotea, kisha anarudi akihema. "Ringwani, una nini wewe? Mbona unakatika? Ova."

Mtu angesemaje mbele ya vituo vinne kwamba namkimbia mama mkwe? "Ni betri, sista," Stanslaus alisema. "Betri inasumbua. Ova."

Uongo ule ulitoka laini kama siagi. Wiki iliyofuata lori la pamba likaleta betri mpya. Stanslaus aliipokea kwa shukrani, akaiunganisha, na Jumatano akapotea tena mara nne. "Hata hii nayo, sista," alisema, na safari hii uongo ulikwaruza koo kidogo. Lakini umeshasema wa kwanza, utauachaje peke yake bila wa pili?

Somo la nne liliitwa Damu Baada ya Kuzaa. Hilo Stanslaus alilisubiri kama mkulima anavyosubiri mvua, maana mwezi wa nane wa Robi ulikuwa unakaribia. Alikaa karibu na spika, akaandika. Moja: sindano ya kukaza mji wa mimba. Mbili: kanda tumbo mpaka liwe gumu. Tatu: mtoto anyonye mara moja. Akaandika nne, akaweka nukta, akangoja.

"La nne nataka tulisikie kwa mwenye uzoefu," alisema Sista Verdiana. "Ng'ambo, mama Mogesi. Umefanya yote hayo, na bado damu inakuja. Unatafuta nini? Ova."

"Hilo nalijua vizuri," ilianza sauti ya Mogesi, "kwa sababu lilinipata kwa binti yangu mwenyewe..."

Stanslaus akashika njia ya kuku. Alisimama huko akiwatazama wakichakura, na aliporudi Sista Verdiana alikuwa anaaga. Kwenye daftari, mbele ya nne, hapakuwa na kitu ila nukta.

Alikusudia kumwuliza Kornelio siku ya pili yake, saa nne. Kornelio hakuitika. Lori lilipopita, Stanslaus akaelewa kwa nini: dereva alimshushia betri ya tatu. Ilikuwa na barua ya Sista Verdiana. Aliona Ringwani inaumia sana, kwa hiyo amechukua ya Morotonga, ambao wako karibu na Mugumu na wanaweza kusubiri. Basi zahanati ya Ringwani ikawa na betri tatu nzima chini ya meza ya mashine, zote zimeunganishwa, na yule mtu wa kati akawa bubu. Stanslaus alizitazama betri zile akaona aibu hata kumwuliza sista habari ya la nne. Alijiambia kwamba Jumatano atakiri. Jumatano ikafika akajiambia Jumatano ijayo.

Wakati huo mvua iliamua kuja mapema. Mto Mara ulijaa hadi ukabeba ng'ombe, pa kuvukia pakafungwa, na Robi, kanga zake zikiwa zimeshakunjwa kwa safari, akabaki upande huu. Uchungu ulimshika Ijumaa alfajiri, wiki tatu kabla ya hesabu. Agustina alimlaza kwenye chumba cha uzazi akamfukuza Stanslaus nje, naye akazunguka zahanati mara nyingi kiasi kwamba Mzee Nyangwine alimwomba abadilishe upande, kizunguzungu kimeanza kumpata. Saa nne kasorobo mtoto akalia. Msichana. Watu wa benchi wakapiga vigelegele.

Kisha Agustina akatokea mlangoni, na uso wake haukuwa wa vigelegele.

"Daktari, njoo. Damu haikatiki."

Mila au si mila, aliingia. Robi alikuwa amelala macho nusu, midomo imepauka. Stanslaus alifanya la kwanza: akapiga sindano. Akafanya la pili: akakanda tumbo, likawa gumu kidogo, likalegea tena. Agustina akafanya la tatu, akamweka mtoto kwenye ziwa. Damu ikaendelea kuja, si kwa kishindo, polepole tu, kitambaa baada ya kitambaa. Stanslaus akafungua daftari kwa vidole vyenye damu. Nne, nukta.

Alikimbilia mashine. Saa nne ilikuwa imefika.

"Mugumu, Mugumu, Ringwani anaita! Ova!"

Kimya. Sista Verdiana alikuwa ameondoka asubuhi na Landrova kuelekea Morotonga, amepakata betri mpya kwa ajili ya Kornelio.

"Morotonga, Morotonga! Kornelio! Ova!"

Kimya. Betri ya Kornelio ilikuwa pale miguuni pake Stanslaus, imejaa chaji.

Ndipo spika ikakoroma. "Ng'ambo anakupata. Nani anaita? Ova."

Stanslaus alilitazama dirisha. Nje, kwenye benchi, Mzee Nyangwine naye alilitazama dirisha lile lile. Mwili wote wa Stanslaus ulitaka kutoka. Miguu ilikuwa imeshazoea. Lakini nyuma ya ukuta alimsikia Agustina akisema, "Robi, usilale, Robi," na akajua kwamba safari hii akienda kwa kuku, atakaporudi atakuwa mgane. Akabonyeza kitufe.

"Shikamoo, mama," alisema. Ilikuwa ya kwanza kumpa katika miaka saba. "Ova."

Spika ikakoroma tena. "Morotonga hayupo? Ova."

"Hayupo. Na Mugumu hayupo. Ova."

"Basi mimi nasema na ukuta," ilisema sauti ya Mogesi, kavu. "Nimeutazama. Na wewe tazama wako. Ukuta wa Ringwani una nini? Ova."

Stanslaus akaugeukia ukuta, wenye picha ya mbu na maelezo yake. "Ukuta wa Ringwani una mgonjwa. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Damu haikatiki. Sindano tayari, tumbo limekandwa, mtoto ananyonya. Ova."

"Mgonjwa ni nani? Ova."

"Ni Robi, mama."

Alisahau kusema ova. Haikuhitajika. Huko Ng'ambo Mogesi aliugeuzia ukuta mgongo.

"Stanslaus!" Hakuwahi kulitaja jina lile. "Amekojoa saa ngapi? Ova!"

Spika ile ilikuwa na nguvu za betri tatu. Benchi zima lilisikia. Mzee Nyangwine aliziba masikio kwa viganja, kisha akaachia nafasi kidogo.

"Sijui, mama. Ova."

"Hujui? Somo la nne lilisema nini? Ova."

"Sikuwepo. Nilikuwa nje, kwa kuku. Ulikuwa unasema wewe. Ova."

Hapo wote wawili waliona kwa pamoja heshima yao ilikuwa imewafikisha wapi. Mogesi ndiye aliyezinduka kwanza.

"Sikiliza, mwanangu. Huyo tangu mdogo hawezi kukojoa kama kuna mtu anamsikia. Nilikuwa nampeleka migombani na kumwimbia ili asijisikie. Uzazi wa kwanza ilikuwa hivyo hivyo, alijibana siku nzima kwa sababu baba yake alikuwa nje anachonga mpini. Kibofu kikijaa kinausukuma mji wa mimba, hauwezi kujifunga, hata ukikanda mpaka kesho. Mkojoshe! Una mpira wa mkojo? Ova."

"Ninao! Ova!"

"Sasa unangoja nini, baraza la wazee? Nenda! Kisha ukande tena!"

Alikwenda. Agustina alishika beseni, Stanslaus akauweka mpira kama alivyofundishwa chuoni, na beseni likajaa, likajaa tena, mpaka Agustina akamtaja Yesu na Mariamu na kuomba la pili. Stanslaus akaweka mkono tumboni akakanda. Mji wa mimba ukajikunja chini ya kiganja chake ukawa mgumu kama kiazi kibichi, ukabaki hivyo. Kitambaa kilichofuata kilikuwa na damu kidogo. Kilichofuata hapo, kidogo zaidi. Alikaa sakafuni akalia kama mtoto, wala hakuona haya.

Chumba cha pili mashine ilikuwa inapiga kelele. "Ringwani! Ringwani! Amekojoa? Ova! Mbona hamjibu? Amekojoa?"

Waliokuwa kwenye benchi hawakuweza kuvumilia. Walijaa dirishani, yule wa mguu ulioteguka akiwa mbele, wakapaza sauti kwa pamoja: "Amekojoa!" Na sauti nzito kuliko zote ilikuwa ya Mzee Nyangwine.

Kwa kuwa hakuna aliyebonyeza kitufe, Mogesi hakusikia kitu, akaendelea kuuliza. Robi ndiye aliyefumbua macho kitandani.

"Mama Agustina," alisema kwa sauti ndogo, "mimi sasa nitaishi wapi katika kijiji hiki?"

Hukumu ilitolewa Jumapili. Mzee Nyangwine alikanda goti muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu ilibidi ajipinge mwenyewe, na hiyo kazi haitaki haraka.

"Nimefikiri," alisema. "Ile nilisema sauti ikiingia mtu ameingia. Ni kweli. Lakini ameingia wapi? Hewani. Hewani hakuna mlango, hakuna jiko, hakuna kitanda. Mahali pasipo na mlango si nyumba, na pasipo nyumba hapana ukwe. Kwa hiyo hewani semeni. Ila ni kwenye mashine tu! Huku chini, ua wa mkonge uko pale pale. Na mbuzi mmoja atachinjwa kwa sababu mimi nilikosea na ninyi mkanifuata."

Stanslaus alikiri kwa Sista Verdiana habari ya betri. Sista alikasirika kweli, na alikuwa na haki; kwa masomo mawili hakumwita ila "Ndugu Betri." Lakini masomo yaliyobaki hayakuwa na mfano. Mkwe na mama mkwe walibishana hewani juu ya kitovu, juu ya maziwa ya kwanza, juu ya nani amesema nini katika somo la saba, hadi Kornelio akalalamika kwamba mtu wa kati amepokonywa kazi. Na mwezi wa saba, Mogesi alipovuka mto kuja kumwona mjukuu, Stanslaus alimwona kwa mbali njiani, akaingia kwenye mkonge na baiskeli yake kama zamani. Mogesi akapita ametazama pembeni. Hakuna aliyeona ajabu.

Mtoto akaitwa Mogesi, jina la bibi yake. Baba hakuweza kulitamka jina hilo, maana la mkwe halitajwi, kwa hiyo alimwita Ng'ambo, na mpaka leo hilo ndilo jina lake.

Mashine hazikudumu. Vita vya kule Kagera vilikuja, betri zikaadimika, kisha karibu kila kitu kikaadimika, hata sabuni. Sista Verdiana alihamishwa. Sanduku la Ringwani lilibaki mezani, limekufa, na Agustina akawa analifuta vumbi kila Jumamosi. Waliokuwa hewani wakarudi chini, na miaka ikapita bila Stanslaus na mama mkwe kupeana neno. Lilimuuma kuliko alivyotegemea. Alikuwa amepata mama, akampoteza bila msiba.

Mwaka wa themanini na mbili Mogesi alikuja kukaa kwa binti yake. Alikuwa amekonda. Hakula, alishika kiuno akiinuka, na alipoulizwa alisema ni uzee. Robi alimbembeleza siku tatu. Lakini mganga wa karibu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mkwe, afadhali kufa.

Siku ya nne Stanslaus alimwomba Robi amweke mama yake kwenye kigoda nyuma ya zahanati, karibu na kuku, chini ya dirisha la chumba cha mashine. Yeye akaingia ndani, akakaa mbele ya sanduku lisilo na betri, akauelekea ukuta. Kwenye benchi, Mzee Nyangwine, ambaye sasa hakuona vizuri ila alisikia kila kitu, aliinua kichwa. Mgonjwa mmoja akamwuliza, "Mzee, kwani ile mashine bado inafanya kazi?"

"Mimi si fundi," alijibu Nyangwine.

Stanslaus alichukua maiki, akabonyeza kitufe.

"Ng'ambo, Ng'ambo, Ringwani anaita. Ova."

Nje kuku walichakura. Kisha, chini ya dirisha, sauti aliyoijua ikasema, "Ng'ambo anakupata. Ova."

"Shikamoo, mama. Umekojoa lini? Ova."

Robi, aliyekuwa amesimama pembeni, aligeuka akatazama kwingine, akaanza kuimba polepole, kama alivyoimbiwa migombani, ili mama yake asijisikie.

"Tangu jana asubuhi, mwanangu," Mogesi alisema. "Inauma sana. Ova."